Makerere Karibu, Bombei Mbali

Kaka yangu Januari alikuwa mtu wa kuota mchana. Usiku alilala kama gogo, lakini jua la Samuye, kijijini kwetu, likishapanda na sauti za ng'ombe zikianza kulegea kwa joto, ungemkuta amekaa juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba yetu, macho wazi, hasikii hata akiitwa. Mama alisema mwanawe amechukuliwa na upepo. "Mwacheni," alikuwa akisema, "njaa itamrudisha."

Mimi naitwa Sikujua, dada yake, ndimi niliyezaliwa baada yake. Mama yetu, Mbuke, alilima pamba na mtama, akatunza ng'ombe wachache waliobaki baada ya ukame. Baba yetu, Mabula, alikwenda kuchimba dhahabu Geita nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alikuja nyumbani mara moja moja baada ya mavuno, tukampokea kama mgeni tunayempenda, kisha akaondoka tena.

Nadhani kilichomfungulia kaka mlango wa ndoto zile ni pamba. Vita vya Wazungu vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, naye alikuwa bado mdogo, mama alipomchukua kwenda kwenye kinu cha pamba karibu na stesheni. Aliiona pamba yetu, ile tuliyoichuma mpaka vidole vikachanika, ikibanwa na mashine ikawa robota gumu, na robota likasukumwa ndani ya behewa. Akamuuliza nyapara mmoja linakwenda wapi. Nyapara akasema, "Bombei," akaendelea na kazi yake. Jioni ile kaka aliniambia kuna mahali panaitwa Bombei, ambapo pamba yote ya Usukuma huenda kulala.

Alisoma, akafaulu, akapelekwa shule ya serikali ya Tabora. Likizo zake za mwisho alizitumia kwenye kituo cha kununulia pamba cha chama chetu cha ushirika, ambacho wakulima walikuwa wamekianzisha wenyewe. Katibu wa chama, Cornel, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kanisani. Alipenda kuzungumza na kaka mizani ikiwa imepumzika.

"Kulima tunajua," Cornel alimwambia siku moja nikiwapo. "Kupima nako tumejifunza. Baada ya hapo ni giza. Bei inatujia kama mvua, hatujui inatungwa wapi. Tungekuwa na kijana wetu aliyeisomea biashara yenyewe, akafika mpaka huko!"

Basi kaka alipomaliza darasa la kumi na mbili, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne, alikuwa na neno moja tu mdomoni: shahada ya biashara. Kusema hivyo Shinyanga siku hizo ilikuwa kama kusema unataka kusomea upepo. Watu walisomea ualimu, udaktari, ukarani. Biashara ilikuwa mali ya Wahindi na Waarabu wa madukani, nao hatukuwahi kusikia kwamba waliisomea. Tulidhani wanazaliwa nayo.

Milango ikafunguka miwili kwa pamoja. Bwana Elimu, Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili cha polepole, alimwita ofisini kwake mjini. Alimwambia amekubaliwa Makerere. Kisha akamwambia serikali ya India inatoa nafasi za masomo kwa Waafrika, na jina lake limepita kwenye chuo kimoja cha biashara huko Bombei. Achague kabla ya masika kwisha.

"Makerere kila ofisi inaijua," alisema Bwana Elimu. "Lakini biashara yenyewe hawafundishi. Utapata uchumi kidogo pamoja na masomo mengine. Likizo utakuja kuwaona wazee. Bombei watakupa biashara kutwa nzima, lakini nyumbani hutaonekana kwa miaka. Na ukirudi, sijui nani ataitambua karatasi yako."

Rafiki yake Ignas, waliyesoma naye Tabora, hakuwa na la kufikiri. Alishachagua Makerere, tena alishaanza kutembea kama mtu wa Makerere. "Twende wote," alimwambia kaka. "Unapanda treni mpaka Mwanza, unapanda meli ya ziwani, umefika. Ndizi zao utazizoea. Ukiugua, mimi nipo. Bombei ukiugua utalia kwa lugha gani?"

Wiki zile niliishi na kaka wawili. Asubuhi mmoja alikuwa juu ya kilima cha kijani ambako mvua hainyimi mtu, amevaa joho jekundu, akibishana na wenzake kwa Kiingereza huku ng'ombe wenye pembe ndefu wakipita chini bondeni. Alinisimulia kana kwamba ametoka huko sasa hivi. Mchana akaja mwingine, huyu wa Bombei, anatembea katikati ya majengo yanayopumua moshi, watu wengi kama siafu, na angani zinaelea nyuzi za pamba mpaka mtu akipiga chafya anatoa uzi. Nilipomuuliza yupi kati yao ni kaka yangu, alisema bado hawajaamua.

Alinichukua twende Kolandoto kumwona Limi. Limi alikuwa anajifunza uuguzi katika hospitali ya misheni, na kila mtu Samuye alijua kwamba kaka hapiti Kolandoto bila sababu. Alitoka wodini na vazi lake jeupe, akakaa nasi kivulini kwa muda mfupi aliopewa. Kaka akamweleza yote. Limi alisikiliza akiwa anavunja kijiti vipande vipande.

"Unataka nikuchagulie," alisema. "Nikisema Makerere, siku mambo yakikuendea vibaya utasema Limi alinifunga kamba. Nikisema Bombei, utalia melini kwamba nilikufukuza. Sisemi."

"Utanisubiri?" kaka akauliza. Mimi niliangalia pembeni.

"Nina mafunzo yangu ya kumaliza, Januari. Sitakaa dirishani. Ukirudi ukanikuta, tutazungumza."

Tuliporudi mjini alikuwa mnyonge, nikadhani amekwisha. Badala ya kwenda nyumbani akanipeleka kwenye duka la Mhindi mmoja, Karsan, si dukani penyewe bali barazani kwa nyuma, ambako mama mzazi wa Karsan alikaa kila siku akichambua dengu kwenye ungo. Bibi huyo aliletwa Shinyanga akiwa bi harusi mdogo, kabla reli haijafika. Kisukuma chake kilikuwa kitamu kuliko cha vijana wetu. Kiswahili alikisema kwa shida.

"Mwadila, mayu," kaka akamwamkia, kama tunavyoamkia mama zetu mchana.

"Mwadila, ng'wanawane, mwanangu. Kaeni."

Alipoulizwa juu ya Bombei, mikono yake ikasimama juu ya dengu. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alisema asubuhi ving'ora vya viwanda vinalia mji mzima, na jioni watu wanamwagika milangoni kama ng'ombe walioachiwa zizini. Alisema kuna mvua inayonyesha mpaka viatu vinaota ukungu kabatini. Alisema kuna muuza maua aliyekaa kwenye ngazi za nyumba yao, na akataja jina la maua hayo kwa lugha yake, kisha akalirudia.

"Lakini msiniamini sana," alisema. "Nimekaa hapa muda mrefu. Sijui tena kama nakumbuka au naota."

Kaka akamuuliza angekuwa yeye angechagua wapi. Bibi akacheka. "Mimi sikuulizwa. Nilipandishwa melini. Wewe una bahati ya kuumwa na kichwa."

Mama ndiye aliyetuambia nyumbani jambo tulilolisahau. "Mmeuliza mpaka Wahindi," alisema. "Baba yenu hajaulizwa."

Tukaondoka mimi na kaka kwenda Geita kwa lori la mfanyabiashara mmoja aliyepitia Kahama. Baada ya Kahama mbuga inakwisha, miti inaanza kusogea barabarani, na mbele zaidi ni pori la miombo lisilo na mwisho. Kwenye kizuizi cha mbung'o walitushusha sote. Mtu mwenye kikapu cha wavu akazunguka lori akinasa wale nzi mmoja mmoja, taratibu, kana kwamba anachuma maua. Kaka alimtazama mpaka dereva akapiga honi mara ya pili.

Runzewe lori likagoma. Siku hizo palikuwa na vibanda vichache vya wauza asali na nta, na kimya kikubwa cha miti. Dereva akalala chini ya injini, nasi tukakaa chini ya mninga. Mwanamke mmoja wa Kisumbwa akatupa asali pamoja na masega yake, tukatafuna mpaka meno yakauma. Nyuki walituzunguka bila hasira. Kaka akajinyosha, usingizi ukamchukua hapohapo mchana kweupe, nami nikabaki kumfukuzia nzi usoni.

Aliamka akicheka, halafu kicheko kikakatika.

"Nimeota nimefika Bombei," alisema. "Kila mtu aliniamkia kwa Kisukuma. Wanawake walikuwa wanatwanga mtama ghorofani. Sikujua, ile haikuwa Bombei. Ilikuwa Samuye yenye ngazi."

"Ubaya wake uko wapi?"

"Sina hata cha kujengea ndoto. Makerere vilevile. Nimekuwa nachagua kati ya Samuye mbili."

Dereva akawasha lori, tukapanda.

Geita tulimkuta baba kwenye nyumba za wachimbaji, anaishi na mke aliyemwoa huko, Mzinza aitwaye Euphrasia. Tulikuwa tunamjua kwa jina tu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini nilipotamka shikamoo aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeogopa zaidi yangu, akaanza kukuna nazi ambayo sijui aliipata wapi katika nchi isiyo na minazi. Baba alikuwa amepungua. Kikohozi kilimkamata katikati ya maneno, akakingoja kipite kwa adabu kama anavyomngoja mtu mkubwa amalize kusema.

Alimsikiliza kaka mpaka mwisho. Kesho yake, zamu yake ilipokwisha, akatupandisha kilimani juu ya mgodi. Chini yetu mashine za kuponda mawe zilikuwa zinanguruma bila kupumzika, ardhi ikitetemeka kidogo miguuni, kama mnyama mkubwa anayelala. Vumbi jeupe lilikaa juu ya majani yote. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa, na vumbi likageuka rangi ya asali.

"Miaka yote hii nachimba," baba alisema. "Sijawahi kumwona mtu aliyevaa dhahabu yangu. Mama yenu naye hajamwona aliyevaa pamba yake. Sisi tuko huku mwanzo wa njia. Kuna watu wako mwisho wa njia. Hatujuani."

Kikohozi kikaja, kikapita.

"Kama ipo shule inayoifundisha njia hiyo," akasema, "ningependa mtu wa nyumba yangu aitembee."

"Ni Makerere au Bombei, baba?"

"Majina yote mawili nayasikia leo kwako. Wewe uliyesoma niambie, ni mji gani uko kule mwisho?"

Tuliposhuka kaka alitangulia mbele, na mwendo wake ulikuwa wa mtu mmoja.

Alipanda treni Shinyanga masika yakielekea ukingoni. Mama alimnyunyizia maji kwa mdomo, akamtajia mababu kwa majina, akamfungia karanga kwenye kitambaa. Cornel alileta watu wa chama, wakaimba. Limi hakuja, alikuwa zamu. Ignas alisimama kando na kofia mkononi, akasema kwa huzuni ya kweli, "Angalau andika." Behewa likaanza kusogea, na kaka akatutazama kwa macho yake yaleyale ya juu ya jiwe, nikajua kwamba yeye hatuoni vizuri.

Aliandika. Bombei haikuwa ya bibi wa barazani wala ya ndoto ya Runzewe. Mvua ilikuwa kweli, na ving'ora vilikuwa kweli, lakini alikaa chumba kimoja na wanafunzi kutoka Unguja na Nyasa, na kwa miezi mingi hakuelewa nusu ya maneno ya walimu. Somo la hesabu za biashara lilimwangusha mwaka wa kwanza, akalirudia. Aliandika pia kwamba alikwenda soko la pamba, kwenye ukumbi mkubwa ambamo watu wa mavazi meupe hupigiana kelele kwa mikono. Juu ya meza kulikuwa na vifurushi vidogo vya pamba ya kuonyeshea wanunuzi. Mtu mmoja akamwonyesha kimoja: hii ni ya Tanganyika. "Nilisimama karibu na pamba yetu," aliandika, "na hakuna aliyejua kwamba tunafahamiana."

Mwaka wa tatu baba alirudi nyumbani. Euphrasia ndiye aliyemleta, amemshika mkono kwenye lori njia nzima, na mama akampokea bila swali, akamtandikia. Kifua kilikuwa kimemshinda baba. Tukampeleka Kolandoto, na Limi, aliyekuwa amekwisha kuhitimu, akawa muuguzi wa wodi yake. Mimi nilikaa naye mchana nikimsomea barua za kaka. Baba alizisikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Baadaye nilimsikia akizisimulia kwa wagonjwa wa vitanda vya jirani, lakini zilikuwa zimekua. Meza ya pamba ilikuwa na urefu wa uwanja. Ving'ora viliitwa kwa majina kama ng'ombe. Kulikuwa na nyumba ya kioo ambamo mwanawe hukaa na wanunuzi wa dunia nzima, na mlangoni watu wanavua viatu. Wodi ilinyamaza kumsikiliza. Limi alichelewesha dawa makusudi asimkatishe.

Alifariki asubuhi moja ya kiangazi, akiwa amelala. Barua kwa kaka ilichukua wiki nyingi. Ignas alikuwa likizo kutoka Makerere. Alikuja mazishini, akasimama mahali ambapo mtoto wa kiume husimama, akatupa udongo. Makerere ni karibu. Sikumwandikia kaka hivyo, lakini najua aliwaza hivyo mwenyewe, kwa sababu barua yake iliyofuata ilikuwa na mstari mmoja tu: "Mshukuruni Ignas."

Alirudi mwaka wa hamsini na tisa, amekonda, ana nywele chache mbele na shahada mkononi. Bwana Elimu aliyemjua alikuwa amehamishwa, na ofisi za serikali zilimwambia angoje, karatasi ya chuo kile inatazamwa. Aliingoja miezi. Ignas tayari alikuwa na kiti na meza. Kaka hakulalamika, lakini mama alimwona akizunguka zizi mara nyingi kuliko ng'ombe wenyewe.

Ndipo alipokwenda Kolandoto. Nilimsindikiza, kwa kuwa Limi alitutaka wote wawili. Tulitembea naye barabara ya kutoka hospitali, mawingu ya vuli yakijikusanya upande wa Samuye, pumzi ya udongo ikianza kupanda. Kaka aliomba aambiwe siku za mwisho za baba. Limi hakuanza na ugonjwa. Alianza na Bombei. Akamsimulia nyumba ya kioo, ving'ora vyenye majina, meza ndefu kama uwanja, na viatu vya wanunuzi vilivyopangwa mlangoni. Alivikumbuka vyote kwa mpangilio wake, hata mahali baba alipokuwa akisimama ili akohoe.

Kaka alitembea ameinamisha kichwa. Matone ya kwanza yalianguka, makubwa, yaliyotawanyika, hatukukimbia.

"Ni kweli hiyo nyumba ipo?" Limi akauliza.

"Ipo," kaka akasema. "Mimi sikufanikiwa kuingia. Baba aliingia."

Limi akamshika mkono hapo barabarani, mbele yangu, mbele ya watu waliokuwa wanakimbia mvua. Baadaye walizungumza, kama alivyoahidi, na baada ya mavuno wakaoana.

Kazi aliipata kwa Cornel, siyo serikalini. Chama kilimpeleka upande wa Geita, ambako watu walikuwa wanaanza kulima pamba kwa wingi na hawana mtu wa kuwaeleza soko. Alijenga si mbali na mgodi, na Euphrasia akahamia uani kwao, akaitwa mama. Nilikwenda kuwatembelea wakati wa mkutano wa kwanza wa wakulima. Wakakaa juu ya magunia, kaka akaeleza kwa Kiswahili na Kisukuma jinsi bei inavyozaliwa mbali, nani anaipigia kelele, na kwa nini leo si kama jana. Walimsikiliza kwa mashaka, wengine wakitazama viatu vyake.

Mwanamke mmoja, Bernadina, mkulima mwenye shamba kubwa kuliko wanaume wengi, akanyanyua mkono.

"Huko ulikokwenda," alisema, "wao wanasemaje juu yetu?"

Kaka akamgeukia.

"Hawatujui, mama," akajibu. "Hatukuwahi kwenda kuwaambia."

Bernadina akaitikia kwa kichwa polepole, akasogeza gunia lake, akampisha mahali pa kukaa.